Mwaka Nilipoikosa Pwani

Kwenye msiba wa Mayu, mama yetu, dada yangu Kulwa alikaa mkekani katikati ya akinamama akawasimulia jinsi alivyotolewa nyumbani akiwa binti, akapelekwa Kibaha, mkoa wa Pwani, kulea biashara ya watu. Alisema alilia tangu stendi ya Bariadi mpaka treni ilipofika Tabora. Alisema siku za mwanzo alikuwa hajui hata kuwasha jiko la mkaa, akawa anachekwa na wateja. Akinamama wakashika mashavu. "Pole, mayu. Maskini, mtoto wa watu!" Mmoja akavua kitenge chake cha juu akamfunika mabegani, utadhani baridi ya miaka ile ndiyo kwanza inamfikia. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, moshi machoni, nasikia neno kwa neno. Nilitaka nitoke na ule mwiko niwaambie: safari hiyo ilikuwa yangu! Hata hayo machozi mnayomfuta, kama ilikuwa lazima mtu alie, yalikuwa yangu. Mama yetu yuko chini, udongo haujakauka, na mimi namwonea dada yangu wivu kwa sababu anaonewa huruma.

Ndivyo nilivyo. Kuna watu wana presha, kuna watu wana vidonda vya tumbo, mimi nina wivu, na nimeshazeeka nao. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Wewe Shija, ukiona jeneza la mwenzako limepakwa vanishi utauliza mbona langu halijapakwa." Lakini hebu mtu asikilize kwanza kabla ya kunihukumu. Kwetu Usukumani jina langu peke yake linatosha kueleza. Pacha wa kwanza anaitwa Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, anaitwa Shija. Huchaguliwi jina. Unakuta limeachwa mlangoni linakusubiri.

Na nyumbani kwetu, nje kidogo ya Dutwa, kila kitu kiliingia kwa jozi. Baba akileta kitambaa kutoka duka la ushirika, kilikuwa cha magauni mawili, rangi moja, yashonwe na fundi mmoja siku moja. Ukimpa Kulwa ukamsahau Doto, mmoja wao ataugua, na wewe uliyetoa utatafutwa ujieleze. Hata fimbo ilifuata mwendo huo. Doto akivunja chungu alichapwa, halafu Kulwa, aliyekuwa amekaa zake anachambua mlenda, naye aliguswa begani na fimbo ileile ili mambo yawe sawa. Mimi nilichapwa peke yangu. Na kitu kikishagawiwa mara mbili, wa tatu anapata nini? "Shija atavaaga wakishayaacha," Mayu alikuwa akisema. Wakishayaacha yalikuwa mawili ya rangi ileile, kwa hiyo nilivaa kijani msimu mzima mpaka watu wakadhani sina nguo ya kubadili. Chakula kilikuwa hivyohivyo. Mimi nilikula na Mayu, kwenye sahani yake, kwa kuwa wale wawili walikuwa na mabakuli yao mawili yanayofanana na hapakuwa na la tatu. Nililia sana juu ya lile bakuli. Hata kulala, wao walikuwa na chumba chao, mimi nililala na Mayu, na nilihesabu hilo nalo kuwa ni kunyimwa.

Mwaka ninaousema ni ule soko huria la pamba lilipofika kwetu. Wakati huo hatukuwa na mkoa wa Simiyu. Simiyu lilikuwa jina la mto, sisi tulikuwa watu wa Shinyanga. Tangu nipate akili, pamba ilikuwa ya chama cha ushirika: unapima, unapewa karatasi, unakwenda nyumbani kusubiri. Mwaka ule wakaja watu wa kampuni binafsi, wakatundika mizani yao chini ya turubai pale senta, wakalipa papo hapo. Wazee walikuwa wanazigeuza noti huku na huku kama mtu anayekagua samaki. Sabuni ya kunukia ikajaa madukani, sukari ikauzwa bila foleni, vijana wakafunga redio kwenye baiskeli na kupita barabarani polepole makusudi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kulwa na Doto nao miaka michache nyuma hawakuchaguliwa, wote wawili, na jambo hilo watu walilisifu: Mungu mwenyewe anajua mapacha hawatenganishwi. Kukosa kwangu mimi hakukuwa na maelezo yoyote. Niliambiwa tu nichukue jembe.

Kabla pamba haijauzwa ilirundikwa sebuleni, ikapanda mpaka karibu na bati, na sisi wasichana tukahamia kulala juu yake. Pamba ina joto na inawasha shingoni, lakini ina faida yake. Ukijizamisha ndani vizuri, watu wanaingia, wanakaa, wanaongea, hawajui kama upo. Mchana jua likiwa kali nilikuwa nachimba shimo langu upande wa ukutani, nalala humo, nasikia mambo ya watu wazima. Ndivyo nilivyomsikia Sengi siku ya kwanza kabla sijamwona.

Sengi maana yake shangazi, na huyu alikuwa Sengi Minza, dada yake Baba, aliyeolewa Pwani na kuachika hukohuko, akabaki. Alikuja na belo la mitumba, kwa sababu alisikia watu wa pamba mwaka huu wana pesa mkononi. Alishushwa na pikapu, akaingia anahema. "Jamani, mwenzenu nimechoka, nipeni maji!" Mayu akamwamkia, "Mwadila, wifi," naye akaitika mwadila, lakini hata mwadila yake ilikuwa imeshaanza kunyumbulika kwa namna ya kule. Jioni majirani walijaa. Tuliketi uani tumeuzunguka mkungu wa udongo uliojaa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa, kila mtu anachota na karanga zake, na kila aliyekuja aliuliza habari za Dar.

"Mimi sikai Dar," Sengi akasema. "Nakaa Kibaha."

"Si ndiyo Dar hiyohiyo?" akauliza jirani mmoja.

"Siyo. Kibaha ni Pwani. Pwani imeizunguka Dar kama sisi hapa tulivyouzunguka mkungu huu. Treni lenyewe linapita kwetu, linakupeleka mpaka jijini, ndipo upande gari urudi nyumbani. Mkaa wanaopikia unatoka kwetu. Muhogo, kuku, maembe, kwetu. Hata maji wanayooga yanatoka Ruvu, bomba linapita nyuma ya nyumba yangu. Mimi mwenyewe nanunua maji ya ndoo!"

Watu wakacheka. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akauliza, "Na bahari je? Si mnaitwa Pwani?"

"Bahari ipo Bagamoyo, kaka. Sisi Kibaha tunaisikia tu kwa jirani."

Walizidi kucheka, mimi sikucheka. Niliipenda Pwani palepale. Mkoa mzima unachota maji, unachoma mkaa, unafuga kuku, halafu mtu akija kwenu anaulizia habari za mwingine! Nilijua hasa maisha yake yalivyo. Usiku ule sikutaka Dar kama wenzangu walivyoitaka. Nilitaka kwenda kukaa na wale waliozunguka.

Sengi alikuja pia na nazi. Hatukuwa tumewahi kuiona. Mayu aliigonga kama boga, akasema hii inachemshwa saa ngapi mpaka ilainike. Sengi akacheka mpaka akakaa chini. Aliipasua kwa jiwe, akaikwangua kwa mfuniko wa kopo alioutoboatoboa kwa msumari, akapika wali. Harufu ile ilitoka mpaka barabarani. Kulwa akapakuliwa, Doto akapakuliwa, sawasawa, Mayu akisawazisha kwa mwiko, na mimi nikaambiwa nisubiri ukoko. Ndipo Sengi akasema, "Hee! Na huyu mwingine mmemuokota?" Akanivuta karibu, akanipa sahani yake. Hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo kwa sauti nyumbani kwetu. Nilikula ule wali nikimwangalia Kulwa usoni.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mitumba haina jozi. Belo lilipofunguliwa uani, Mayu akaanza kuchagua kwa ajili ya mapacha, akitafuta mbili zinazofanana. Akapekua blauzi, sketi, masweta. Kila kitu kilikuwa kimoja, na mwenzake yuko huko Ulaya kwa mtu mwingine. Kulikuwa na gauni la njano lenye vifungo mpaka chini na mkanda wake. Kulwa alilishika upande mmoja, Doto upande mwingine, wote wanalitaka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kupewa. "Basi apewe Shija," akasema Sengi, "yeye ni mmoja." Mayu akakubali. Wewe! Sijui nieleze vipi. Soko huria wengine waliliona kwenye mizani na kwenye noti, mimi niliona lilikuja na kitu kimoja kimoja, cha mtu mmoja mmoja. Nililivaa gauni lile kwenda kisimani, kwenda mashine, kwenda kanisani, na kila nilipopita mbele ya chumba cha mapacha nilikohoa ili watazame.

Siku chache baadaye nilikuwa shimoni mwangu ndani ya pamba, baada ya chakula cha mchana, Mayu na Sengi wakaingia kukaa kivulini. Sengi akasema shida yake. Alikuwa na mgahawa mdogo pale Kibaha, mabasi yanasimama, wateja wanaongezeka kwa sababu siku hizi kila mtu anafanya biashara na kusafiri, na wasichana wa kuajiri wanamwibia. Anataka mtoto wa kwao. "Mmoja tu, wifi. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja."

"Pacha hatolewi mmoja," Mayu akajibu haraka.

"Najua. Ndiyo maana nasema nipe Shija. Ana mdomo huyo, ana macho. Mteja akimkimbia na chai ya bure atamfuata mpaka Chalinze."

Niliziba mdomo kwa pamba nisipige kelele. Mayu hakujibu. Nilimsikia anaamka, anatoka, na baadaye uani akaanza kutwanga, hali unga ulikuwepo wa kutosha. Nilichukulia kwamba amekubali. Kwetu mtu asiyekataa amekubali, na mimi nilitaka sana aliyenyamaza awe amekubali.

Sengi mwenyewe aliniambia kesho yake mnadani, tukiuza mitumba. "Msimu ukiisha tunaondoka wote. Jiandae." Nikajiandaa kwa nguvu zote. Nilijifunza kusema "karibuni wateja" kama alivyosema yeye, kwa kuvuta mwishoni. Nilijifunza kubeba vikombe vinne kwa mkono mmoja. Na nikaanza kuwaringia mapacha wazi: nawaambia nikifika Pwani nitawatumia salamu, nawauliza kama wanajua Mlandizi ni wapi, kama wanajua Kisarawe ni wapi. Doto alikasirika. Kulwa alinitazama tu, akasema, "Nenda bwana, mimi sitaki hata kuisikia hiyo Pwani." Nikajua anasema hivyo kwa wivu. Nani asingeitaka?

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: mapacha hawakuwa na pa kwenda, na watu wasio na pa kwenda wanaweza kukuharibia safari. Kwa hiyo alipotokea Masanja nilimshukuru Mungu. Masanja alikuwa dereva wa lori lililobeba pamba kutoka senta kwenda kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, kule Maswa, kijana mweusi wa kung'aa, anavaa kofia kinyumenyume. Alimwona Doto siku tulipopeleka pamba mizani. Tatizo ni kwamba kila akirudi alikuwa hajui nani ni nani. Ni mimi niliyemwambia, "Doto ni yule anayecheka kabla hujamaliza kusema." Ni mimi niliyemwambia Doto yuko kisimani saa hizi. Ni mimi niliyepeleka sabuni zake za kunukia, mbili, maana nilimweleza akinunua moja hataingia kwetu hata mlangoni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Doto akiolewa, jozi imevunjika. Kulwa atabaki amsaidie Mayu, na mimi naondoka bila mtu wa kunivuta gauni. Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko nilivyowahi kupalilia.

Ng'ombe wa mahari walikuja kutoka Maswa, vumbi lao likaonekana kabla yao. Na sikilizeni mambo: kwa kuwa anaoa pacha, Masanja alilazimika kuleta vya bibi harusi mara mbili. Vitenge viwili, viatu jozi mbili, kanga doti mbili. Kulwa alikaa tu kwenye kigoda, haolewi, hana mchumba, anavishwa viatu vipya! Mimi niliyeitengeneza ndoa nzima nilipewa soda. Lakini nilivumilia, nikajiambia, wacha avae, viatu hivyo atachungia mbuzi.

Jioni ile wageni walipokuwa wanakula, Mayu alisimama mlangoni mwa nyumba. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya watu. Alisema zawadi ni nzuri na anashukuru, wabeja sana, lakini zawadi hazisawazishi. Doto anatoka nyumba hii. Kama Kulwa atabaki, mmoja katoka na mmoja kabaki, na hilo siyo jambo dogo. Kwa hiyo Kulwa naye atatoka, siku hiyohiyo, kwa mlango huohuo. Doto ataenda Maswa kwa mumewe, na Kulwa ataenda Pwani na shangazi yake.

Nilikuwa nimeshika beseni la kunawisha wageni. Maji yakanimwagikia miguuni. Nikamtazama Baba, Baba akasema, "Mambo ya mapacha muulizeni mama yao." Nikamtazama Sengi, Sengi akafungua mdomo, Mayu akamwangalia, Sengi akaufunga, akaendelea kutafuna nyama. Wazee wa Maswa wakatikisa vichwa kwamba ni sawa. Nani angebishana na mama wa mapacha juu ya mapacha? Nikasema kwa sauti, "Na mimi je?" Nilisema kweli, nakumbuka, na watu wakanigeukia. Mayu akasema, "Wewe nawisha wageni."

Wiki iliyofuata sikula chakula cha nyumbani. Nilikula michembe, viazi vikavu, kwa jirani na kurudi. Mayu alinipakulia kwenye sahani yake kila siku, akaniita, nikakataa, akaifunika akaniwekea. Usiku kabla ya safari alikuja kuniomba gauni la njano, Kulwa asafiri nalo. Nikamwambia, "Halina jozi." Akaondoka.

Asubuhi yake nililivaa mwenyewe. Masanja alikuwa ameshamchukua Doto na lori, likipiga honi mpaka likapotea, na sisi tuliwasindikiza Kulwa na Sengi stendi ya Bariadi, wapande basi la Shinyanga wakachukue treni. Kulwa alikuwa na kitenge chake cha harusi ya mwenzake, macho yamevimba, ameshika sanduku la bati. Mimi nimesimama pembeni na mkanda wangu, nywele nimesuka, viatu nimevipaka mafuta. Kondakta akaja moja kwa moja kwangu. "Dada, wewe ndiye unasafiri? Leta mzigo." Mayu akamwonyesha Kulwa kwa kidole, kondakta akaomba radhi, akabeba lile sanduku. Basi lilipoondoka Mayu alinishika mkono akaung'ang'ania, nikauchomoa. Tulirudi Dutwa kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na gauni likajaa vumbi.

Mwaka ule ulimalizika nyumba ikiwa tupu, pamba imeuzwa, sauti zinagonga ukutani. Nilipewa chumba cha mapacha, vitanda viwili, na kila nilipolala kwenye kimoja niliona kile kingine ndicho kizuri. Habari zilikuja kwa wasafiri. Kulwa amenenepa. Kulwa anaongea kama Mzaramo. Kulwa ameolewa na mtu wa hukohuko, wamejenga. Kila habari ilinipita kooni kama mwiba wa samaki. Mimi niliolewa hapahapa Bariadi, nikafungua genge, nikaongeza, nikazaa, nikafiwa na mume, na Mayu alipoanza kupotewa na nguvu nikawa naenda na kurudi Dutwa, mpaka nikamhamishia kwangu. Nilimwogesha. Nilimlisha. Pwani nimeiona mara moja tu, nilipompeleka hospitali jijini. Alikuwa ameniegemea begani, nami nikasinzia Chalinze, nikaamka tumefika Mbezi. Kibaha nzima niliipita nimelala. Niliwahi kumwambia Mayu, siku moja nimechoka, namfulia mashuka: "Wenzangu ulisawazisha. Mimi uliniacha." Akasema ana kiu.

Msiba ulipovunjwa na watu wakaondoka, tulibaki sisi watatu kijijini kusafisha nyumba. Asubuhi ilikuwa tulivu, tumekunywa chai na viazi, Doto yuko uani anasugua masufuria ya shughuli kwa majivu. Mimi na Kulwa tulikuwa chumbani kwa Mayu tunakunja blanketi. Yale maneno yake ya mkekani yalikuwa bado yananikaa hapa kifuani, nikashindwa kuvumilia.

"Kulwa," nikasema, "hivi ulikuwa unawalilia nini wale wanawake? Ulichukua safari yangu, bado unataka na pole?"

Akaacha kukunja. "Mimi niliichukua? Shija, mimi nilimpigia Mayu magoti nisiende. Nilimwambia, mpeleke Shija, yeye ndiye anataka. Sengi naye alikuomba wewe. Alikuomba mpaka siku ya mwisho. Mayu akamwambia, ondoka na Kulwa au ondoka peke yako."

"Kwa sababu ya mambo ya mapacha. Mlango mmoja, siku moja."

Kulwa akacheka, kicheko kidogo cha msibani. "Wewe umewahi kusikia wapi? Kuna mapacha wangapi Dutwa hii, mmoja kaolewa mwingine yupo nyumbani anakamua ng'ombe? Alitunga, Shija. Alitunga palepale mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Alikuwa anapepeta choroko, hakuacha kupepeta. Akaniambia, 'Nyie wawili mlikuja na watu. Mlipozaliwa ngoma zilipigwa, wageni wakajaa, kila mtu ana la kusema juu yenu, huyu kanifundisha nifanye hivi, huyu nifanye vile. Sikuwahi kuwa nanyi peke yangu hata siku moja. Shija nilimzaa kimya, hakuna aliyekuja. Huyo ni wangu. Nikimtoa huyo, mimi nabaki na nani?'"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mwanamke yule! Alinifungia mlango, akaniacha nimesimama stendi na mkanda wangu kama kichaa, akanyamaza miaka yote hiyo nikimwosha miguu na kumlaumu. Nilitaka kukimbia mpaka kaburini nimgombeze. Angeniambia! Neno moja tu, nikiwa nafua yale mashuka. Nikalia, nikalia vibaya, kwa kelele kuliko nilivyolia siku ya kumzika, na Kulwa akaniwekea mkono mgongoni, nikautoa, akaurudisha, nikauacha.

Nje sauti ya sufuria ilikuwa inaendelea, Doto anasugua na kuimba wimbo wa kanisani, hajui chochote.

Nikajifuta uso kwa blanketi la Mayu. Nikainuka, nikafungua dirisha lote. "Rudia," nikamwambia Kulwa. "Anzia pale kwenye choroko. Na useme kwa sauti, Doto asikie."